Alama za SAT: zipi mwanao apeleke chuoni, zipi abaki nazo

Matokeo ya mtihani wa SAT hutoka takriban wiki mbili baada ya mtihani, na mara nyingi mtoto huyaona kwenye simu kabla mzazi hajajua kuwa yametoka. Kinachofuata sebuleni ni maswali: 1350 ni nyingi au chache? Ipelekwe chuoni au ibaki nyumbani?

Kwa mzazi wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Mombasa ambaye mwanawe anaomba nafasi Marekani, maswali hayo ni mazito. Alama hiyo imegharimu ada ya dola, nauli ya kwenda kituoni na pengine miezi ya masomo ya ziada. Zaidi ya hapo, familia nyingi haziwezi kulipa ada ya chuo cha Marekani bila ufadhili, na vyuo vinavyotoa ufadhili mkubwa kwa wageni ni vichache. Kosa dogo la kupeleka au kuzuia alama linaweza kufunga mlango ambao haufunguki tena mwaka huo.

Jibu halimo kwenye alama peke yake. 1350 hiyohiyo inaweza kumsaidia kijana katika chuo kimoja, kumpunguzia nguvu katika chuo cha pili, na isisomwe kabisa katika chuo cha tatu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzazi ni kujua alama hizo zinakwenda wapi.

Vyuo viko makundi matatu

Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga vituo vya mitihani, vyuo vingi vya Marekani viliondoa sharti la SAT na mwenzake ACT. Tangu wakati huo vimegawanyika.

Kundi la kwanza ni vyuo vinavyodai alama. MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022. Mwaka 2024 vikafuata Dartmouth, Brown, Harvard na Caltech, na Stanford na Cornell vikatangaza sharti hilo kwa wanaoanza masomo mwaka 2026. Yale ilichukua njia yake: mwombaji lazima apeleke alama, lakini anaweza kuchagua SAT, ACT, AP au IB. Katika kundi hili hakuna mjadala wa kupeleka au kutopeleka. Mjadala ni wa alama zipi tu.

Kundi la pili ni vyuo visivyotazama alama kabisa wakati wa kuchagua wanafunzi. Mfano mkubwa ni University of California, yenye kampasi kama Berkeley na UCLA. Jirani yake, California State University, nayo imeachana na mitihani hiyo. Kijana mwenye 1600 na kijana asiyefanya mtihani wako sawa mbele ya vyuo hivi. Kama orodha yote ya mwanao ni vyuo vya kundi hili, fedha ya SAT ni afadhali ibaki mfukoni.

Kundi la tatu, na ndilo linalowasumbua wengi, ni vyuo vya hiari. Mwombaji mwenyewe ndiye anayeamua. Utaratibu huu si mpya: Bowdoin, chuo kidogo cha jimbo la Maine, kimekuwa nao tangu mwaka 1969. Ila neno hiari lisomwe kwa makini. Kuna vyuo ambavyo ni hiari kwa wengi lakini vinadai alama kwa waliosomea nyumbani, kwa kozi fulani, au kwa ufadhili fulani. Habari hiyo huwa kwenye ukurasa wa udahili wa chuo chenyewe, mara nyingi kwenye sehemu ya waombaji wa kimataifa. Sera hizi hubadilika, hivyo ushauri wa kaka aliyeomba miaka mitatu iliyopita hautoshi.

Pima alama kwa kipimo cha chuo

SAT huhesabiwa kuanzia 400 hadi 1600. Ina sehemu mbili, Kusoma na Kuandika na sehemu ya Hisabati, kila moja ikiwa na alama 200 hadi 800. ACT huhesabiwa kuanzia 1 hadi 36.

Wastani wa SAT kwa wahitimu wa mwaka 2024 ulikuwa 1024. Maana yake mtoto aliyerudi na 1350 amewazidi takriban tisa kati ya kila watahiniwa kumi. Mzazi aseme hilo kwanza, kabla ya maneno mengine. Watoto wengi hujilinganisha na 1550 wanazoziona mitandaoni na kuanza kuamini kuwa wamefeli.

Hata hivyo, chuo hakimlinganishi na watahiniwa wote, bali na waombaji wake. Vyuo vingi hutangaza alama za nusu ya kati ya wanafunzi waliowapokea. Ukiona 1380 hadi 1500, maana yake robo ya waliopeleka alama walikuwa na chini ya 1380, nusu walikuwa kati ya namba hizo mbili, na robo walizidi 1500. Takwimu hizo hupatikana kwenye waraka ambao vyuo vingi huuchapisha kila mwaka uitwao Common Data Set, sehemu ya C. Humo humo huonyeshwa ni asilimia ngapi ya wanafunzi wapya waliopeleka SAT na wangapi ACT.

Asilimia hiyo ina maana kubwa. Katika chuo cha hiari, wenye alama za chini hukaa kimya, kwa hiyo namba zinazotangazwa hupanda hata kama wanafunzi hawajabadilika. Kama ni wanafunzi 35 tu kati ya 100 waliopeleka, ile 1380 ya robo ya chini si robo ya chini ya darasa zima. Ni ya wale waliojiamini.

Kwa kawaida hesabu huenda hivi: alama ikiwa katikati ya namba za chuo au juu yake, ipelekwe. Ikiwa chini sana ya namba ya chini, na chuo ni cha hiari, ibaki. Ugumu uko kwa alama iliyo chini kidogo ya mstari.

Somo kutoka Dartmouth

Mapema mwaka 2024, Dartmouth ilitoa matokeo ya uchunguzi wa walimu wake kuhusu miaka ya hiari. Waligundua kwamba mamia ya waombaji kutoka familia zisizo na uwezo walizuia alama za kiwango cha 1400 ambazo zingewasaidia kuingia. Vijana hao waliona namba zinazotangazwa na chuo, wakaona zao ziko chini, wakanyamaza. Hawakujua kwamba maofisa wa udahili huisoma alama pamoja na mahali ilikotoka.

Kijana aliyepata 1420 katika shule ambayo kila mwanafunzi ana mwalimu wa nyumbani wa SAT hasomwi sawa na kijana aliyepata 1420 katika shule ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuufanya mtihani huo. Kwa huyo wa pili, alama ni ushahidi kwamba Hisabati yake itasimama hata darasani mwa wageni.

Jambo hili linawagusa moja kwa moja wanafunzi wa Afrika Mashariki. Ofisa wa udahili aliyeko Ohio au Massachusetts huenda hajawahi kusikia jina la shule ya mwanao. Hajui kama A ya shule hiyo ni ngumu au rahisi kupatikana. SAT ni lugha anayoijua. Ndiyo maana mwombaji kutoka shule isiyojulikana nje mara nyingi ana sababu zaidi ya kupeleka alama iliyo chini kidogo ya mstari kuliko mwombaji kutoka shule ya kimataifa ambayo kila mwaka hupeleka wanafunzi Marekani.

Mfano wa binti wa PCM

Tuchukulie binti anayesoma Fizikia, Kemia na Hisabati katika shule ya bweni ya serikali. Anataka uhandisi. Amefanya SAT mara mbili. Mara ya kwanza alipata Hisabati 740 na Kusoma na Kuandika 620, jumla 1360. Mara ya pili alipata 710 na 670, jumla 1380.

College Board, wanaoendesha SAT, wana utaratibu uitwao Score Choice unaomruhusu mwanafunzi kuchagua tarehe ya mtihani anayotaka kuipeleka. Hawezi kukata Hisabati ya siku moja na Kusoma kwa siku nyingine; siku huenda nzima. Lakini vyuo vingi vikipokea siku zote mbili huchukua vyenyewe sehemu bora ya kila siku. Kwa binti huyu, 740 ya kwanza na 670 ya pili hufanya 1410. Angepeleka siku ya pili tu, kwa kuwa jumla yake ni kubwa, angejinyima alama 30.

Chuo cha kwanza kwenye orodha yake huunganisha alama bora: apeleke siku zote mbili. Chuo cha pili hutazama siku moja iliyo bora: apeleke ile ya 1380, ingawa kwa mwanafunzi wa uhandisi ni busara kuuliza kama Hisabati 740 ingemfaa zaidi. Chuo cha tatu kinadai matokeo ya mara zote, kama Georgetown ilivyokuwa ikifanya kwa muda mrefu: hapo hakuna kuchagua, apeleke yote. Kuficha siku moja katika chuo kinachodai zote ni kuvunja masharti ya maombi.

Chuo cha nne ni cha hiari na namba zake ni 1480 hadi 1560. Binti ana 1410 ya kuunganishwa. Hapa hakuna jibu la kitabuni. Kama matokeo yake ya taifa ni mazuri sana na shule yake haijulikani, Hisabati 740 inaweza kumwongezea uzito. Kama matokeo ya shule yanapanda na kushuka, 1410 haitayaokoa mbele ya chuo hicho. Huu ndio wakati wa kumuuliza mtu anayejua: mwalimu mshauri wa shule, au washauri wa EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wenye washauri katika nchi nyingi zikiwemo Tanzania na Kenya.

Kwa waliofanya SAT na ACT zote mbili, hakuna haja ya kupeleka zote kama chuo hakijadai. Jedwali rasmi la kulinganisha linaweka ACT 30 karibu na SAT 1370, na ACT 33 karibu na 1460. Linganisha, kisha peleka ule uliofanya vizuri zaidi.

Matokeo ya taifa hayachaguliwi

Kuna mitihani ambayo kijana hana hiari nayo. Matokeo ya kidato cha nne na cha sita ya NECTA, au KCSE ya Kenya, ni sehemu ya rekodi yake ya masomo. Fomu ya Common App humuuliza mwombaji wa nje kama nchini kwake kuna mitihani ya taifa ya kumaliza shule. Jibu ni ndiyo, na matokeo yaandikwe kama yalivyo.

Badala ya kuyaogopa, familia nyingi zingepaswa kuyatumia. Dartmouth, kwa mfano, ilipotangaza kurudisha sharti la mitihani ilieleza kuwa mwombaji kutoka shule iliyo nje ya Marekani anaweza kutimiza sharti hilo kwa SAT au ACT, au kwa AP tatu, au kwa matokeo ya IB, ya A-Level au ya mtihani wa taifa unaolingana na hiyo. Harvard nayo imeweka njia ya namna hiyo kwa asiyeweza kabisa kufika kwenye SAT au ACT. Kwa familia iliyo mbali na kituo cha mtihani, aya moja kama hiyo kwenye ukurasa wa chuo inaweza kuokoa safari na fedha nyingi.

Mtihani wa Kiingereza, kama TOEFL, IELTS au Duolingo, ni jambo jingine. Chuo kinaweza kusema SAT ni hiari na bado kikadai ushahidi wa Kiingereza. Vingine humsamehe aliyesoma sekondari yote kwa Kiingereza. Ulizeni kwa barua pepe, na mtunze jibu.

Fedha, na mitego yake

Katika msimu wa 2024–2025 ada ya SAT ilikuwa dola 68, na anayefanya nje ya Marekani huongezewa ada ya kimataifa. Mtihani sasa ni wa kidijitali na haufanywi kwa simu; unahitaji kompyuta mpakato au tableti inayokubalika. Msamaha wa ada kwa wasio na uwezo umewekwa hasa kwa wanafunzi walioko Marekani. Mzazi wa Kitanzania au Mkongo anayeishi Texas au Kentucky amuulize mshauri wa shule kuhusu msamaha huo, kwani husaidia pia kupeleka alama bila malipo. Mzazi aliye Mwanza au Kisumu asiuhesabu.

Mtego wa kwanza ni zile ripoti nne za bure. Kila anayejiandikisha hupewa nafasi ya kupeleka alama vyuo vinne bila malipo, lakini lazima avitaje ndani ya siku tisa baada ya mtihani, yaani kabla ya kuona alikuwa na alama gani. Kwa chuo kinachodai alama zote, hilo halina hasara. Kwa chuo cha hiari, ni kutoa siri ambayo bado hujaisoma.

Mtego wa pili ni kulipia ripoti zisizohitajika. Vyuo vingi huruhusu mwombaji ajaze alama mwenyewe kwenye fomu, na ripoti rasmi hudaiwa baada ya kukubaliwa. Ada ya kila ripoti kwa vyuo kumi si fedha ya kuchezea. Ila alama zijazwe kwa ukweli, kwa kuwa ripoti rasmi ikija tofauti, nafasi hufutwa.

Mtego wa tatu umo ndani ya Common App. Alama zikijazwa kwenye sehemu ya jumla ya mitihani huonekana kwa kila chuo kitakachopokea fomu hiyo, isipokuwa mwombaji azitoe kabla ya kutuma kwa chuo asichotaka kizione. Vyuo vingi vya hiari vina swali lao pia: je, unataka alama zako zitumike? Mtoto alijibu kila chuo kwa wakati wake, si kwa haraka ya usiku wa mwisho.

Kuna pia upande wa ufadhili. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hawatazami uwezo wa familia wanapoamua kumchagua mwanafunzi wa kigeni, na anayeingia husaidiwa kulingana na mahitaji yake. Lakini vyuo vingine hugawa ufadhili kwa jedwali la alama za shule na za SAT. Huko alama inayoonekana ya kawaida inaweza kupunguza ada kwa maelfu ya dola. Kabla ya kusema alama ibaki, soma ukurasa wa ufadhili.

Arudie au atosheke?

Kurudia mara moja kuna maana kama kijana ana muda wa kujiandaa upya na anajua alipokosea. Mazoezi ya bure yapo kwenye programu ya Bluebook na Khan Academy. Kurudia mara ya tatu au ya nne kwa matumaini tu hula fedha, na hula muda wa kusoma mtihani wa taifa ambao, kama ilivyoelezwa, hauchaguliwi. Hesabu pia tarehe: maombi ya mapema hufungwa mara nyingi Novemba 1, na ya kawaida karibu na Januari 1.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari, andikeni kila chuo kwenye mstari wake: alama ni lazima, hiari au hazitazamwi, namba za nusu ya kati, huunganisha siku au la, hukubali alama za kujaza mwenyewe au la, hutumia alama kwa ufadhili au la, tarehe ya mwisho. Mstari ukijaa, uamuzi huwa karibu kujitoa wenyewe.

Uamuzi wa mwisho kuhusu chuo cha hiari uachwe kwa kijana, mzazi akiwa amekaa kando yake. Ni jina lake litakalosomwa. Mzazi anayesema "usipeleke, zitatuaibisha" humfundisha mtoto kuwa alama ni aibu. Anayesema "tuangalie chuo hiki kinataka nini" humfundisha kuamua kwa hesabu, na hilo atalihitaji zaidi ya SAT atakapokuwa peke yake ughaibuni.